Mshauri Asiyeulizwa: Majibu kwa Wanaohamia Dodoma na Watoto Wao

Tangu Julai 2016, ilipotolewa amri kwamba Serikali ihamie Dodoma kwa vitendo, baada ya azimio la mwaka 1973 kukaa miaka arubaini na ushei likisifiwa na lisitekelezwe, sanduku la safu hii halijapata kukaukiwa na barua. Watumishi huhamishwa, na watumishi wana watoto, na watoto wana shule. Na ilhali mtu asiye na mzigo huhama na begi lake akafika salama, mwenye ahali huhama na maswali. Barua ni nyingi na nafasi ni haba, kwa hivyo nimetanguliza zile ambazo waandishi wake wamekwisha kuamua watakalolifanya, nao wananiandikia ili niwaunge mkono. Maana hao ndio aghalabu ya wateja wangu, na mteja, ijapokuwa halipi, ana haki ya kujibiwa.

Mheshimiwa Mshauri, baada ya salamu. Nimepata barua ya uhamisho, natakiwa niripoti Dodoma Januari. Nina watoto watatu: wa kwanza anamaliza darasa la sita katika shule ya Serikali, wa pili yumo la pili, wa tatu anatambaa. Mke wangu ameona bango la shule moja lenye picha za watoto kumi waliopata alama A kwa masomo yote, na sasa hataki kusikia habari ya shule nyingine. Ada yake kwa watoto wawili inakaribia nusu ya mshahara wangu. Je, nikope? — Mtumishi, Tabata

Ndugu yangu Mtumishi, bango la shule ni kama utenzi wa sifa, na mtunzi wa sifa hakulipwa ili ataje aibu za bwana wake. Umeonyeshwa nyuso kumi, nazo zinapendeza, Mungu azihifadhi. Lakini mzazi mwenye kutafakari huuliza darasa hilo lilikuwa na watoto wangapi lilipoanza, na wale wasiotokea katika picha wako wapi hivi leo. Ziko shule ambazo mtoto akishuka chini ya wastani uliowekwa hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa faragha, akakaribishwa soda, akashauriwa kwa sauti ya huruma amtafutie mwanawe mahali panapomfaa zaidi, hata ifikapo siku ya mtihani wa Taifa wakabaki wale ambao wangalifaulu japo wangalisomea chini ya mwembe. Matokeo ya namna hiyo si ya uongo. Ila sifa yake ni ya chekecheo, si ya mwalimu. Baraza la Mitihani lenyewe, lililokuwa likitangaza orodha ya shule bora na kuwatia wazazi homa kila mwaka, liliiacha desturi hiyo mwaka 2023. Wachapa mabango, kwa bahati mbaya, hawakuambiwa.

Ama mwanao wa kwanza, yeye ataingia darasa la saba, na mtihani wake ni Septemba. Mtoto aliyejifunza Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili miaka sita, ukamtia inglishi midiamu katika mwaka wa saba ili ayajue yale yale kwa lugha nyingine ndani ya miezi minane, hukumhamisha shule, umemhamisha dunia. Mtafutie shule ya Serikali iliyo karibu na nyumba mtakayokaa, ambayo haina ada, japo sare, madaftari na mchango wa chakula mtakaokubaliana katika kikao cha wazazi vitakuwa juu yako. Na usimpakie katika gari kabla ya kupakia karatasi zake: barua ya uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu, kumbukumbu zake za maendeleo, na namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi, iitwayo PREM, ambayo ni lazima ihamishwe katika mfumo kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa. Wako wazazi waliosafirisha makochi salama usalimini wakaisahau namba hiyo, na makochi hayafanyi mtihani.

Wa pili ana umri wa kubadili lugha akitaka Mola, basi huyo mnaweza kumjadili. Lakini kabla ya kujadili, nenda ukaione shule siku ya kazi, bila miadi, saa ya mapumziko. Mwalimu mkuu atakupeleka chumba cha kompyuta. Wewe omba uonyeshwe vyoo. Hesabu madawati na vichwa. Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka uliopita, kisha nyamaza kimya umsikilize atakavyojibu. Halafu toka, usimame ng'ambo ya geti wakati wa kutoka, utazame watoto wanatembeaje na wanasemezana nini, kwa kuwa mtoto aliyeshinda mahali pema hutoka akibishana na mwenziwe, na aliyeshinda mahali pa hofu hutoka kimya. Ukiyafanya hayo, utaijua shule zaidi kwa saa mbili kuliko bango litakavyokujuza kwa miaka miwili. Na mkopo usikope. Mtoto anayesomeshwa na baba asiyelala kwa deni hujifunza hesabu mapema mno.

Mshauri wetu mpendwa, mume wangu atafanya kazi Mtumba. Dalali ametupatia nyumba upande wa Nala, ina vigae, dari la jipsamu na geti la umeme, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita tu. Shule tuliyoipenda iko upande wa Iyumbu, lakini wanalo basi. Wifi yangu asema nitajuta. Mwambie anyamaze. — Mama Geti, Kimara

Mama Geti, wifi yako ni walii, tena umbusu mkono. Mji wa Serikali pale Mtumba uko kiasi cha kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, katika njia iendayo Dar es Salaam. Nala iko magharibi, katika njia iendayo Singida. Na Iyumbu iko kusini mashariki, jirani ya Chuo Kikuu. Mmejipigia pembetatu, na katika kila pembe ya pembetatu hiyo atakuwapo mtu wenu mmoja, na chakula cha jioni hakitajua kimngoje nani.

Mwasema basi lipo. Ni kweli, lipo. Nalo huanza mzunguko wake kwa mtoto akaaye mbali kuliko wote, kisha humrudisha jioni akiwa wa mwisho, na mtoto huyo, kwa hisabu ya kijiografia, atakuwa wa kwenu. Ataamshwa saa kumi alfajiri, atanyweshwa chai akiwa amefumba macho, atalala garini kichwa kikigonga dirisha, atasomeshwa akiwa nusu macho, atarejea jua limekuchwa, kisha apewe kazi za nyumbani na mama atakayemwuliza kwa nini mwandiko wake umeharibika. Vigae hatavitazama ila Jumapili.

Utaratibu ulio sahihi ni huu: shule na nyumba huchaguliwa siku moja, kwa kalamu moja, na kazi ya mtu mzima hufuata. Safari ndefu, maadamu lazima mmoja wenu aibebe, aibebe mwenye mshahara. Mkipenda shule ya Iyumbu, tafuteni nyumba Iyumbu kwenyewe au Kisasa. Mkipenda kuwa karibu na Mtumba, tazameni Nzuguni na Ihumwa, muulize shule za huko kwa macho yenu. Na hata mkiwa na nia thabiti, msilipe miezi sita kabla ya kufika mara mbili, mchana na usiku, kwa kuwa nyumba iliyokuwa tulivu saa nne asubuhi huenda ikawa imepakana na baa ambayo saa nne usiku ndipo hufungua kinywa.

Tena kuna jambo la nchi. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Disemba hata Aprili, na katika miezi mingine korongo huonekana ni uwanja mzuri wa watoto kuchezea mpira. Mwulize jirani, si dalali, maji ya masika hupita wapi, kwani maji hayo hayasahau njia yake ijapokuwa mwenye nyumba ameijengea ukuta njia hiyo. Mwulize pia bomba hutoa maji siku zipi za wiki, na simtanki la lita ngapi huwatosha, na maji ya kisima kama yana chumvi. Wazee wa pwani waliusia mtu amtazame jirani kabla ya nyumba, nao hawakuwa wakisema maneno ya adabu tu: jirani ndiye atakayemwona mwanao ameanguka baiskeli, na ndiye atakayejua kwamba leo hakwenda shule. Dalali, Mungu amzidishie riziki, hana mtoto katika nyumba ile. Ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, nao ukishaingia mfukoni, simu yake huanza kuwa na matatizo ya mtandao.

Mzee wangu, shikamoo. Nimehesabu nikaona watoto wabaki Dar es Salaam na mama yao, nami niwe nakuja kila Ijumaa kwa treni ya umeme. Safari ni ya saa chache. Watoto hawatasumbuka, na mimi nitapata utulivu wa kufanya kazi. Kuna ubaya gani? — Mpenda Amani, Kinondoni

Marahaba, mwanangu. Sina ugomvi na treni. Ilipofika Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ya kiasi cha kilomita 450, ambayo basi huila sehemu kubwa ya mchana, ikawa ni ya chini ya saa nne, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini katika neema zake pana fitina ndogo, nayo ni kwamba imewarahisishia akina baba kuwa wageni waheshimiwa katika nyumba zao. Hufika Ijumaa usiku na zawadi ya zabibu, huchinjiwa kuku Jumamosi, huombwa na mama awakaripie watoto kwa makosa ya tangu Jumanne ambayo hakuyaona wala hayajui, na Jumapili jioni huagwa. Siku mwanao atakapokukaribisha sebuleni na kukuuliza utakunywa nini, ujue uraia wako umekwisha muda.

Hata hivyo nitakuwa mwadilifu. Iko sababu moja iliyo halali ya kuigawa nyumba kwa muda, nayo ni mtihani. Ukiwa na mtoto aliye kidato cha nne, ukamng'oa Mei ilhali mtihani wake ni Novemba, umemdhulumu. Huyo mwache amalize, na mama yake awe pamoja naye. Wa darasa la saba vivyo hivyo, ikiwa uhamisho umekukuta katikati ya mwaka. Lakini tia tarehe. Andika katika karatasi, mkeo aone, kwamba mwezi fulani familia itakuwa chini ya paa moja. Mpango usio na tarehe huzeeka ukawa desturi, na kodi mbili, LUKU mbili na majiko mawili ya gesi vitakula hata ile nauli uliyoihesabia utulivu. Na huo utulivu uutakao wa kufanya kazi, naona umeutaja mwisho wa barua, mahali ambapo waandishi wangu huficha sababu ya kwanza.

Asalaam aleikum Bwana Mshauri. Mume wangu ni mtumishi wa Muungano na amepelekwa Dodoma. Wanangu wanasoma skuli ya Serikali hapa Unguja, na jioni wanakwenda chuoni. Naambiwa huko Bara mambo ni mengine kabisa. Nahofia watapotezewa darasa, wataacha chuo, na watapasuka midomo. — Mama Hofu, Mwembeladu

Waaleikum salaam warahmatullah. Bibi yangu, hofu zako tatu nitazijibu kwa mpango wa uzito wake. Midomo itapasuka. Mwezi wa Juni na Julai hewa ya kule ni kavu, upepo una vumbi, na usiku una baridi ambayo mtoto wa Mwembeladu hajapata kuionja. Chukua mafuta ya nazi na masweta, na hofu hiyo imekwisha.

Chuo hakitakosekana. Dodoma ina misikiti na madrasa mitaani, na msikiti wake mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010 ni miongoni mwa mikubwa katika nchi nzima. Ila usichague madrasa kwa ukubwa wa mnara, kama nilivyomwambia Mtumishi asichague shule kwa ukubwa wa bango. Ulizia mwalimu ni nani, ana watoto wangapi, na magharibi ikiingia wanarudi nyumbani na nani. Na ukipata madrasa njema iliyo hatua chache kutoka kwenye mlango, basi hiyo ni hoja kubwa ya kuchagua mtaa, kuliko vigae vya Mama Geti.

Hofu yako ya darasa ndiyo yenye mashiko, na nashangaa umeitia pamoja na midomo. Elimu ya awali na ya msingi si jambo la Muungano: Unguja na Pemba wana wizara yao na mtaala wao, na skuli yao ya msingi ni ya miaka sita, ilhali Bara imezoea saba na sasa ndiyo kwanza iko katika kuhama kuelekea sita, kwa sera ile ile inayoifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Katika kipindi hiki cha mpito, mtoto yule yule anaweza kuwekwa darasa hili na ofisi moja, na darasa lile na ofisi nyingine. Kwa hivyo mumeo, ambaye amekwisha kutangulia, aende na vyeti na ripoti za watoto kwa afisa elimu, apate jawabu kwa maandishi kabla hamjakata tiketi ya boti. Nawe nakuonya: umekulia katika nchi iliyotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, basi utakapoambiwa ada ya shule binafsi, ukae kwanza kitako.

Majibu mafupi

*Kwa Baba Mwenye Shughuli, Mbezi, atakaye kumpeleka bweni mwanawe wa darasa la pili ili asihangaike na kuchagua mtaa:* Bwana, Kamishna wa Elimu amekwisha kukujibu kabla yangu. Waraka wa mwaka 2023 umekataza bweni kwa watoto wa awali hata darasa la nne. Mtoto wa umri huo bweni lake ni nyumba yenu. Hangaika.

*Kwa Mpenda Viwanja, aliyenunua kiwanja kisichopimwa mahali ambapo shule "itajengwa karibuni":* Mwanao ana miaka mitano. "Karibuni" ya wauza viwanja aghalabu humkuta mtoto ana ndevu. Panga kwanza palipo na shule iliyokwisha kupauliwa.

*Kwa Mjuzi wa Mji, anayenitaka niwashauri wasomaji wote wapeleke watoto katika shule moja tu, ambayo asema hana maslahi nayo yoyote:* Nimeona jina la ukoo la mwenye shule. Msalimie shemeji.

Shikamoo Mshauri. Mimi niko darasa la tano. Baba na mama wanagombana kila siku kuhusu shule za Dodoma, mmoja anataka ya Kiingereza, mwingine anataka ya karibu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nina rafiki hapa na tuko pamoja kwenye timu. Je, naruhusiwa kusema sitaki kuhama? — Mtoto wa Darasa la Tano, Temeke

Marahaba, mwanangu. Barua yako ni fupi, na ndiyo pekee isiyoniomba niunge mkono jambo lililokwisha kuamuliwa, basi nitaijibu bila mzaha.

Kuzuia kuhama hutaweza, kwa sababu kazi ya mzazi ndiyo iletayo unga, na barua ya uhamisho haina nafasi ya sahihi ya mtoto. Kusema kwamba hutaki, unaruhusiwa. Useme mara moja, kwa adabu, mbele ya wote wawili, usiseme kwa kununa. Kisha waombe mambo matatu, na uwaonyeshe ukurasa huu wakikataa. La kwanza, wakienda kutazama shule wakuchukue nawe, kwani wewe ndiwe utakayekaa humo saa nane kwa siku, na jicho lako litaona vitu ambavyo wao hawavioni: kama uwanja una magoli, kama watoto wakubwa wanawasukuma wadogo penye bomba la maji. La pili, katika shule mbili ambazo wao wameridhika nazo, wakuachie wewe uchague moja. La tatu, mhame likizo ya Disemba, ili uingie darasa jipya Januari pamoja na wageni wenzio, usiingie Machi peke yako huku wote wakikugeukia. Na kabla ya kuondoka, upewe siku ya kuagana na timu yako sawasawa.

Na ninyi wazazi wa mtoto huyu, ambao sasa mnasoma kwa bashasha mkidhani ni wa jirani: mmoja wenu anataka shule ya kumfurahisha mkubwa wa kazini, na mwingine anataka shule ya kumpunguzia safari, na nyote mwasema ni kwa ajili ya mtoto. Mwulizeni.

Neno kwa wasomaji

Barua nyingine zitajibiwa nafasi ikipatikana, lakini nyingi zao zimejibiwa hapo juu, kwa kuwa kisa ni kimoja kilichovaa kanzu mbalimbali. Mtu huchagua shule itakayotajika barazani na mtaa utakaomtukuza kwa jamaa zake, kisha mtoto ndiye hulipa: kwa usingizi wake, kwa njia ndefu, kwa lugha aliyosukumiwa ghafla, au kwa baba anayemwona Jumamosi. Shule ya wastani iliyo umbali wa kutembea, yenye mwalimu asiyekimbia na vyoo visafi, katika mtaa ambao jirani anamjua mtoto kwa jina, inatosha kwa watoto wengi, na wengi wetu tunaojidai leo tulitoka katika shule duni kuliko hiyo. Basi kabla ya kuniandikia, nendeni mkaone, mara mbili, kwa miguu, na mtoto mkononi. Atakayekwisha kufanya hivyo hatakuwa na haja ya barua yangu, na atakayeniandikia pasina kufanya hivyo nitamjibu kwa maneno haya haya.